Kimya cha Kufunga Kamba za Viatu

Harufu inayonirudisha utotoni kuliko zote ni ya rangi nyeusi ya viatu ikichanganyika na majani yenye umande. Rangi ilitoka kwenye kopo dogo ambalo Baba aliliweka dirishani karibu na Biblia, na kila Jumapili jioni lilipita kwa watoto wote wa nyumba yetu pale Kimumu. Majani yalikuwa ya uwanja wa shule yetu ya msingi, ambapo Jumatatu na Ijumaa tulisimama kwa mistari kupandisha bendera, kuimba wimbo wa taifa na kusema kiapo cha uaminifu kwa nchi. Anayedhani Kenya yote ni joto hajasimama Eldoret mwezi wa saba asubuhi, ukungu umelalia mashamba ya mahindi na pua inakutoka maji bila ruhusa yako. Mimi baridi hiyo naijua kwa nyayo, kwa sababu ndugu zangu wakubwa walipomaliza, shule nzima nilikuwa mtoto pekee aliyesimama ndani yake bila viatu, tena kwa hiari.

Sisi tulikuwa Wakorino, Wakristo wa vilemba vyeupe. Wazazi wangu walihamia kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, Baba akafungua duka la mbegu na pumba, na majirani zetu Wakalenjin wakatuzoea upesi. Hata shuleni kilemba changu hakikumsumbua mtu. Viatu ndivyo vilivyoleta kesi. Kwetu mtu haombi akiwa amevaa viatu; unapozungumza na Mungu, mahali hapo ni patakatifu, basi unavua. Na wimbo wetu wa taifa, kama kila Mkenya ajuavyo, unaanza kwa kumwita Mungu na kumwomba. Baba alikuwa amelifikiria jambo hilo mpaka mwisho wake. "Wimbo ni maombi, kwa hivyo viatu zitoke," alituambia. "Lakini kiapo ni maneno ya raia kwa nchi yake. Hapo vaa viatu, usimame kama mtu ako na kazi. Usiapie serikali kama unaiabudu." Tangu hapo nimesikia wahubiri na mawakili wengi wakizungumzia dini na serikali, na bado sijamsikia aliyeupima mpaka huo vizuri kuliko yule muuza pumba.

Miaka sita nilivua na kuvaa bila shida, maana nilikuwa katikati ya mstari na hakuna aliyejali kama kiapo cha uaminifu nilikisema nimeinama. Shida ilianza nilipofika darasa la saba. Mwalimu Kirui, naibu wa mwalimu mkuu na msimamizi wa paredi, alinichagua kuwaongoza wenzangu kwenye kiapo, nikiwa mbele, kando ya mlingoti. Alisema sauti yangu inafika mpaka jikoni. Kweli ilifika, kwa sababu kanisani kwetu tuliimba kwa ngoma na makofi na hatukuwa na kipaza sauti. Nyumbani ilikuwa sherehe. Mama alikipiga pasi kilemba changu mara mbili, na Baba akawaambia wateja wote, hata wale waliokuja tu kuuliza bei.

Jumatatu ya kwanza niliharibu. Wimbo uliisha, na desturi ilikuwa kiapo kifuate papo hapo. Nilitumbukiza miguu viatuni, nikapiga hatua mbili, nikakanyaga kamba yangu mwenyewe na kuukumbatia mlingoti nisianguke. Shule ilicheka mpaka Mwalimu Kirui akapiga filimbi. Mtu atauliza mbona sikuvaa viatu vya kutumbukiza mguu tu. Sheria ilitaka viatu vyeusi vya kamba, na nilikuwa na jozi moja, niliyorithi kwa kaka yangu, yenye matundu mengi na ulimi unaokunjamana.

Mwalimu Kirui aliniita baada ya paredi. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu mambo yaende sawa na aliogopa aibu kuliko alivyoogopa baridi. "Tabitha, Ijumaa tuko na mgeni kutoka ofisi ya elimu," alisema. "Viatu zikae kwa miguu, ama kiapo tumpatie Kiprotich."

"Lakini ni maombi, mwalimu."

"Hapa ni paredi. Kanisa ngoja Jumapili."

Na Kiprotich tulikaa dawati moja, naye alikuwa akiitamani nafasi hiyo tangu darasa la tano. Nilirudi nyumbani nikitarajia Baba avae koti aende shuleni kunitetea. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kupima pumba. "Mimi siwezi kuja kukufungia kamba," alisema. "Hiyo ni yako na Mungu na Kenya. Sikizaneni." Nilimkasirikia sana. Niliitaka nafasi ile, sitaficha. Niliitaka kuliko nguo mpya. Alhamisi jioni yote nilijizoeza nyuma ya duka, nikivua na kufunga mpaka vidole vikauma, lakini haraka haraka haina baraka, na kila nilipoharakisha fundo lilifunguka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, ila Ijumaa ile mwenyeji alikuwa na homa. Mgeni alikuwa mzee mrefu mwenye koti la kijivu, na Mwalimu Kirui alisimama kando yake akiniangalia miguu. Nilikuwa nimejiambia labda mara hii moja nivumilie, Mungu ataelewa. Skauti akaanza kuvuta kamba ya bendera, wimbo ukaanza, na nikagundua kwamba siwezi. Sauti haikutoka. Nikainama nikavua, nikakanyaga umande, na sauti ikaja yenyewe. Niliimba nikijua kwamba kwa kila ubeti naikaribia aibu, lakini viatu nilikuwa nimeshavivua.

Wimbo ukaisha. Nikapiga goti, nikaanza na kiatu cha kushoto. Nilimwona Mwalimu Kirui akimpa Kiprotich ishara kwa kidevu: anza wewe. Kiprotich alikuwa mstari wa mbele na maneno yote alikuwa nayo kichwani. Alinitazama, akatazama viatu vyake mwenyewe, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bado anafunga, mwalimu."

Basi shule ikangoja. Sijui ni nani aliyewafundisha kungoja vile, hata watoto wa darasa la kwanza hawakukohoa. Kamba ya bendera iligonga mlingoti taratibu, na ng'ombe wa jirani akalia upande wa Kiplombe. Nilifunga cha kushoto, nikafunga cha kulia, nikarudia fundo. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani na kuapa kwa ajili ya nchi yangu, na nyuma yangu sauti za shule nzima zikaja kwa pamoja, nzito, kama watu waliopata muda wa kufikiri wanachosema.

Mgeni alimgeukia Mwalimu Kirui. "Hii kimya mmeweka kabla ya kiapo ni nzuri," alisema. "Shule zingine zinakimbilia tu."

Mwalimu Kirui alimeza mate, akasema ahsante. Jumatatu yake akatangaza mbele ya wote kwamba kiapo hakianzi mpaka Tabitha asimame wima, kisha akanisogelea. "Funga mara mbili," akaninong'oneza, "hatuna haraka." Kiprotich nilimpelekea mahindi ya kuchoma wiki nzima, na mpaka leo nasema nchi hii iliwahi kushikiliwa isianguke na mvulana aliyekataa kuchukua zamu yangu.

Baadaye ilikuja miaka mibaya ya ghasia za uchaguzi, majirani wakaogopana na duka la Baba likafungwa kwa muda. Tulikimbilia Nyeri, kisha tukarudi. Sasa nina kitalu changu cha miche Ainabkoi, na siku hizi nasikia watu redioni wakigombana kuhusu vilemba na maombi shuleni, kila upande ukitaka mwingine unyamaze. Muhula uliopita nilipeleka miche katika shule yangu ya zamani, nikafika langoni bendera ikianza kupanda. Wana kipaza sauti sasa, na madarasa ya ghorofa, na sikumwona mwalimu hata mmoja ninayemjua. Nilivua viatu. Kando yangu alisimama msichana mdogo aliyechelewa, mkoba mgongoni, naye aliitazama miguu yangu.

Wimbo ukaisha. Kipaza sauti kikanyamaza, shule nzima ikanyamaza, na nikasikia kamba ikigonga mlingoti. Nilimnong'oneza yule msichana nikimuuliza wanafanya nini.

"Hivyo ndivyo hufanywa, Mama," alijibu. "Ukianza mapema unarudishwa."

"Ya nini lakini?"

Alifikiri kidogo. "Sijui. Nafikiri kuna mtu hungojewa."

Nikapiga goti. Magoti yangu si yale tena na macho yalikuwa yamejaa maji, lakini nilifunga cha kushoto, nikafunga cha kulia, nikarudia fundo, na niliposimama wima walikuwa bado hawajaanza.