Kicheko Nilichokifuta

Katuni ile ilinitia kinyaa tangu siku ya kwanza. Nasema hivyo mapema kwa sababu sitaki msomaji anidhanie babu mpole aliyekoseshwa na hasira ya siku moja. Kinyaa changu kilikuwa cha muda mrefu, na nilikilea mwenyewe.

Ilikuwa katuni ya familia ya Wamarekani weusi: binti wa miaka kumi na minne, mama yake, baba yake anayeendesha gari la taka, na babu yao. Kila kipindi kilikuwa na kisa cha nyumbani. Binti kachelewa kurudi, binti kafeli hesabu, binti kamuahidi rafiki yake kitu ambacho hakukiombea ruhusa kwa baba yake. Mjukuu wangu wa kike alikuwa na umri uleule. Kila alasiri akitoka shule alijitupa kwenye kochi la sebuleni kwetu Overport, Durban, bado amevaa soksi za shule, bakuli la chipsi mapajani, akacheka mpaka chipsi zikamwagika.

Nilichukia kila kitu cha katuni ile. Nilichukia rangi zake, mbingu ya zambarau na nyasi za buluu kama mtu aliyechora akiwa na homa. Nilichukia midomo yao, ikipanuka mpaka unaona kilimi. Nilichukia baba wa watu kupiga mbweu mezani na binti yake kumjibu kwa mbweu kubwa zaidi. Lakini nilichochukia zaidi ni kile kicheko cha watu wasioonekana, wanaocheka kila mara mtu mzima anapoaibika. Yule babu wa katuni akipiga chafya, meno yake ya bandia yanaruka na kutumbukia kwenye supu. Hapo ndipo wanapocheka kuliko pote.

Mimi nina meno ya bandia. Ya juu yote.

"Huyo mtoto anamjibu baba yake hivyo, na baba anamtazama tu?" niliuliza siku moja.

"Babu, ni katuni."

"Katuni si ya watu?"

"Ni michoro, babu. Hata mifupa hawana."

Mke wangu alisikia akiwa jikoni. "Mwache mtoto," akasema. "Wewe bibi yako ulikuwa unamwita nini vile? Si gunia la magoti?"

Ni kweli. Nilikulia Tanga, na kwetu babu na bibi ni watani wa wajukuu wao. Baba humchezei, lakini bibi unamwambia anatembea kama kaa, na yeye anakujibu kwamba kichwa chako kimefanana na kifuu, na watu wanacheka, na mapenzi yanazidi. Bibi yangu nilimtania mpaka siku alipolazwa. Aliniambia, "Nikifa usilie, utatisha wageni kwa sura hiyo." Hiyo ndiyo ilikuwa haki yangu, na ingetakiwa kuwa haki ya mjukuu wangu.

Nilimnyima. Nilifika Durban na cheti changu cha kidato cha nne na begi la vinyago, nikauza barabarani kule ufukoni kwa miaka, na barabarani niliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Nikawa nikirudi nyumbani nataka shikamoo na chai, basi. Mtu yeyote akicheka chumba cha pili, moyo wangu ulikuwa unauliza kwanza kama ananicheka mimi. Hilo si kosa la Durban. Wenzangu wengi waliitwa majina yaleyale na wakaendelea kutaniwa na wajukuu wao.

Kulikuwa na Idi moja, mke wangu angali hai. Tulikaa kwenye biriani sote wanne: mimi, yeye, binti yetu ambaye ni nesi, na mjukuu. Nikapiga chafya. Meno yakatoka, yakatua katikati ya bakuli la kachumbari, yakakaa pale juu ya vitunguu kama yanasubiri kupakuliwa. Mke wangu akacheka. Kicheko chake kilianza kama mtu anayesafisha koo, kisha kilikatika kabisa, ukadhani kimekwisha, halafu kikatoka tumboni kwa nguvu na kumalizika kwa mluzi mwembamba. Niliinuka mezani. Meno niliyaacha, wengine wakanitolea kwenye kachumbari. Nilijifungia chumbani mpaka jioni, na niliwasikia wakijitahidi kucheka kwa sauti ya chini.

Mwaka uliofuata sukari ilimchukua mke wangu.

Miezi minne baada ya mazishi nilikutana kwenye ngazi na jirani yetu, mama Mkongo anayeshona nguo ghorofa ya chini. Alinishika mkono.

"Papa! Nimecheka mpaka tumbo inauma. Iko sauti yako kabisa, kabisa! Ule mutoto iko na talent."

"Sauti gani?"

Akanitolea simu. Mjukuu wangu alikuwa amechukua kipande cha ile katuni, akazima sauti yake, na kuweka Kiswahili mwenyewe. Watu wote aliwasema yeye. Binti alikuwa na sauti yake, mama alisema kama nesi aliyechoka, na yule babu nilikuwa mimi. Astaghafiru zangu zilikuwemo. "Mtoto gani huyu! Hana haya huyu!" alisema yule babu, kwa lafudhi ya Tanga, na katikati ya maneno aliyanyonya meno kama ninavyoyanyonya. Kisha chafya, kisha supu, kisha kicheko. Sikungoja kimalizike. Nikamrudishia mama wa watu simu yake kama mtu anayerudisha kitambaa kichafu.

Ningeweza kumwita mtoto pembeni. Nilingoja Jumapili, kwa sababu Jumapili nilikuwa na mgeni. Alikuwa mzee mwenzangu kutoka Chatsworth, mtaa mwingine wa Durban, mmoja wa wale ambao wazee wao waliitwa Wazanzibari na kuhamishiwa kule na serikali ya ubaguzi wa wakati ule. Kiswahili chake kidogo alikipata kwa bibi yake na kwetu sisi wa kuja, na nilipenda kumwonyesha jinsi watu wa Tanga tunavyolea. Chai ilikuwa mezani. Nikamwita mjukuu aje na simu.

"Fungua hizo sauti zako. Zote."

Akafungua. Aliziweka kwa utaratibu mzuri, kila moja na jina lake.

"Futa."

Alimtazama mgeni, akanitazama mimi. "Zote, babu?"

"Zote."

"Hata za zamani?"

"Nimesema zote. Kicheko cha wahuni hakikai katika nyumba yangu."

"Babu, hizi nyingine si za katuni—"

"Futa!"

Akafuta. Nilisimama nyuma ya bega lake kuhakikisha, kidole changu kikimwonyesha hata pale pa kufuta mara ya pili, ili zisiweze kurudi. Akasema, "Tayari, babu," akainama, akapeana mkono na mgeni, akaenda chumbani. Hakulia. Nilimgeukia mwenzangu nikitegemea kusifiwa.

"Eish," alisema, akiweka kikombe chini. "Ile katuni ya yule mzee wa meno? Mimi naangalia na wajukuu wangu. Wao wananiita mimi hivyo, jina la yule mzee."

"Na wewe unakubali?"

"Hawu, mimi natoa meno nawafukuza nayo."

Hakumaliza chai yake.

Tangu siku hiyo mjukuu wangu alinipa nilichotaka. Asubuhi alikuja mlangoni, akasema, "Shikamoo, babu." Alirudi shule, "Shikamoo, babu." Chakula alikileta kwa mikono miwili. Nikimuuliza kitu alijibu, "Ndiyo, babu," au, "Hapana, babu." Televisheni ilizimwa kabla sijaomba. Marafiki zake wakija, walikaa chumbani, na nikipita mazungumzo yalikoma. Msikitini nilisifiwa kwa mjukuu mwenye adabu. Nilikaa katika sebule safi, kimya, bila chipsi hata moja kwenye kochi, nikasikiliza friji.

Miezi minane ilipita hivyo. Nilijiambia kwamba ni ukubwa, wasichana wakikua hunyamaza. Nilikuwa najidanganya na nilijua.

Tulipokaribia hitima ya mwaka ya mke wangu, binti yangu alimwambia mtoto, mimi nikiwa palepale nakunja gazeti, "Mwanangu, ile sauti ya bibi uliyomrekodi siku ya Idi, hebu niisikie."

Mtoto akasema, "Haipo."

"Imekwenda wapi?"

Hata wakati ule alitaka kunisitiri. "Nilifuta," akasema, kisha akaondoka.

Binti yangu alinigeukia. Ana macho ya mama yake. "Baba. Ni zile ulizomfutisha?"

Ndipo nikaambiwa. Siku ile ya Idi, meno yangu yalipokuwa kwenye kachumbari, mtoto alikuwa anaturekodi kwa simu, akapata kicheko chote cha bibi yake, tangu kule kusafisha koo mpaka mluzi. Bibi alipofariki, alikitoa kile kicheko na kukiweka mahali pa kicheko cha wale watu wasioonekana. Katuni yake nzima aliitengeneza kwa ajili hiyo, ili bibi aendelee kunicheka. Picha za mke wangu tunazo. Sauti yake hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Na mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini, nilikisikia kicheko chake kwenye ngazi na sikukitambua. Nikakiita cha wahuni.

Nilikwenda bafuni, nikayatoa meno, nikajitazama kwenye kioo. Mdomo ulibonyea, ufizi wa kijivu, kidevu kikakaribia pua. Kinyaa chote nilichokuwa nakimwagia televisheni kilinirudia, na safari hii kilistahili.

Kesho yake nilishuka kwa jirani. Nilibisha hodi kama mtu anayekwenda kuomba chumvi. Nilimuuliza kama labda, kwa bahati, ile katuni ya mtoto hakuifuta.

"Kufuta?" Alishangaa, pini mdomoni. "Papa, nani anafuta kitu ya kuchekesha? Iko hapa. Nilituma mpaka Bukavu."

Nilikaa kwenye kigoda chake katikati ya vipande vya vitambaa, nikasikiliza. Chafya. Supu. Kusafisha koo. Kimya. Nilishika goti langu wakati wa ule ukimya. Kisha kikaja, kikapanda, kikaisha kwa mluzi. Mtoto alikuwa amekitumia mara tatu katika kipande kimoja, maana alikuwa na hicho tu. Mama wa watu alizima cherehani na kuniletea maji, akanitumia ile katuni kwenye simu yangu.

Jioni niligonga mlango wa mjukuu. Nilikuwa sijawahi kugonga mlango katika nyumba ile.

"Shikamoo, babu," alisema, akisimama.

"Kaa." Nilibaki nimesimama mimi. "Nilikosea. Nilikuaibisha mbele ya mgeni, na nilikufutisha bibi yako. Wewe hukukosa adabu. Aliyeikosa ni mimi."

"Ndiyo, babu," alijibu, akitazama sakafu. Sikujua kama anakubali au ananiitikia tu.

Nikabonyeza simu. Kicheko cha mke wangu kikajaa chumba. Mtoto aliinua kichwa ghafla, mkono ukaenda mdomoni. Aliisikiliza katuni yote, na ilipokwisha aliishika simu yangu kwa vidole viwili, akairudisha mwanzo, akasikiliza tena, kisha akajitumia kwenye simu yake. Nilijua kwamba nikitoka pale, kesho asubuhi itakuwa shikamoo tena, na keshokutwa, mpaka wanizike.

Basi nikasema, "Ila sauti yangu uliikosea. Mimi sipigi chafya kama mbuzi. Washa hicho chombo cha kurekodia."

Aliniangalia kwa mashaka, akawasha. Nikayatoa meno. Niliyashika kiganjani, yamelowa, yana kipande cha mchicha cha mchana, nikaisogelea simu na kusema kwa ule mdomo uliobonyea, "Mtoto gani huyu! Hana haya huyu!" Nikapiga chafya ya kujilazimisha. Mate yakaruka mpaka kwenye shuka lake.

"Babu! Aa, babu, yarudishe! Kinyaa gani hicho!"

Hakuwa anacheka. Alikuwa amejibanza ukutani, amekunja uso, anafuta shuka kwa kiwiko. Lakini ilikuwa sentensi ya kwanza kunipa kwa miezi minane isiyokuwa ya kuniheshimu. Nikayarudisha meno na kusubiri nifukuzwe.

Aliiokota simu, akaicheza ile chafya yangu, akatikisa kichwa.

"Ya uongo kabisa," akasema. "Bibi asingeicheka hiyo." Akabonyeza tena, akaniwekea simu karibu na mdomo. "Rudia."