Tawi Mdomoni mwa Njia

Juzi asubuhi jirani yangu hapa Chumbageni alikuwa akipunguza ua wake, na harufu ya majani mabichi ikaingia dirishani kabla sijaamka vizuri. Watu wengi huipenda harufu hiyo. Mimi siivumilii. Nilifunga dirisha, nikaketi kitandani na joto lote la Tanga, nikaona heri nitoke jasho kuliko kuivuta tena. Mjukuu wangu alidhani naumwa. Sikumweleza kitu, bado mdogo. Nawaeleza ninyi.

Nilizaliwa milimani, juu ya Amani, katika kijiji chenye nyumba chache na njia nyingi. Miaka ile ya hamsini gari tulilisikia tu likinguruma huko chini kwenye mashamba ya chai. Njia zetu zilikuwa nyembamba, zenye utelezi wa majani yaliyooza, na kila moja ilikuwa na jina na tabia yake. Ile ya kisimani ilijaa siafu, tukawa tunaipita tukirukaruka kama wacheza ngoma. Wageni kutoka pwani walituchekesha sana. Wakiuliza kama ni mbali, tuliwajibu "hapo tu", na wala hatukuwa tunadanganya. Kwetu popote ambapo mtu angefika kabla ya giza palikuwa hapo tu. Walifika wameshika viuno, hawana hata pumzi ya kutugombeza.

Kwa kuwa msitu ulikuwa mnene na sauti hazifiki mbali, tulikuwa na desturi ya kufunga njia. Mtu akitangulia na wenzake wako nyuma, akifika njia panda alichukua tawi bichi na kulilaza mdomoni mwa ile njia ambayo hakuipita. Wa nyuma wakilikuta wanajua: huku siko, fuata ile nyingine. Wa mwisho katika msafara alipaswa kulitupa tawi kando, lakini wa mwisho siku zote ndiye aliyechoka, kwa hiyo matawi mengi yaliachwa pale pale.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, Mama alizaa mtoto aliyekuwa amekwisha kufa, na homa ikambakia mwilini. Walimpa dawa zote za miti walizozijua. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamtoka zenyewe, na nyumba nzima ikanuka jasho na majani yaliyochemshwa. Mwishowe Baba akasema atapelekwa hospitali huko chini, mjini. Nakumbuka Mama aligeukia ukutani. Wengi waliopelekwa huko walizikwa huko huko, maana maiti haikupandishwa mlima ule, na sisi tulipewa habari tu kwamba amezikwa na watu wema.

Baba alitoka alfajiri peke yake kwenda kulizuia lori la shamba la chai lisiondoke bila sisi. Alisema atapita njia ya mto, ndiyo fupi, lakini kama mvua ya usiku imeujaza mto atazunguka kwa njia ya mgongoni, ile inayopita juu ya mlima. "Nitafunga ile nisiyoipita," alimwambia baba mdogo, mdogo wake. "Nyinyi fuateni tu."

Kulipokucha wakamlaza Mama kwenye machela ya blanketi na miti miwili. Baba mdogo alishika mbele, vijana wakapokezana nyuma, nami nikafuata na kibuyu cha maji na viatu vya Mama, ambavyo nilivibeba kwa sababu niliamini atarudi kwa miguu yake. Umande ulitulowesha mpaka magotini. Hakuna aliyezungumza isipokuwa kusema "jiwe" au "mzizi" ili wa nyuma wasijikwae.

Tulipofika njia panda, tulikuta njia zote mbili zimefungwa.

Mbele ya njia ya mto lililala tawi lililokatwa kwa panga, shina lake limenyooka vizuri. Mbele ya njia ya mgongoni lililala jingine, limevunjwa kwa mikono, gamba linaning'inia. Tulielewa upesi. Baada ya Baba, watu wengine walikuwa wamepita hapo kwenda kilioni, wakafunga njia yao bila kujali tawi walilolikuta. Moja lilikuwa la Baba, lakini lipi? Wakaitua machela chini. Mmoja akasema hili ndilo bichi zaidi, mwingine akasema lile. Baba mdogo akachuchumaa kando ya Mama.

"Shemeji, unaniona? Tawi la kaka ni lipi hapa?"

Mama aliinua kichwa. Alitazama huku, akatazama huku. Kisha akanyoosha kidole kwenye lile lililokatwa kwa panga.

"Ni hilo. Mto umejaa, ndiyo maana kaufunga. Nipitisheni juu."

Wakampitisha juu. Njia ya mgongoni ni ndefu, yenye mawe, na machela iliyumba sana, lakini Mama hakulalamika hata mara moja. Katikati ya njia ile, penye migomba mingi, ndipo ilipokuwa nyumba ya bibi yangu, mama yake Mama. Tulipofika hapo Mama akaomba apumzike. Bibi alitoka na unga mikononi, akaketi chini uani, akakipakata kichwa cha Mama. Akamwosha uso na miguu. Mama akasema, "Nimekuja, mama," na Bibi akajibu, "Karibu mwanangu," kama vile amekuja kutembea tu. Baba mdogo alisimama akitazama jua, akakohoa, akasema lori halitangoja. Bibi aliendelea kumpakata mwanawe. Ukungu uliposhuka, Mama alikuwa amekata roho.

Baba alifika jioni, miguu imetapakaa matope. Lori lilikwisha kuondoka. Alikuwa amerudi kwa njia ya mto akitutafuta, akapita njia panda, akafuata nyayo zetu. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani aliyesema mpite juu?"

"Shemeji mwenyewe," alisema baba mdogo. "Alilitambua tawi lako."

Baba akatazama chini. Katika matanga watu walinong'ona kwamba alichanganyikiwa, kwamba labda alizifunga njia zote mbili kwa mkono wake mwenyewe. Maneno yakamfikia. Akasema, "Huenda," na tangu siku hiyo kijiji kizima kikamhesabu kuwa mume aliyempotezea mkewe njia. Aliishi na sifa hiyo mpaka mvi zikamwenea, nami nilikua nikiamini hivyo hivyo.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa niliporudi kumtembelea. Tulishuka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Nilipofika njia panda nikakuta amefunga njia kwa tawi lililonyongwa na kuvunjwa, gamba linaning'inia. Nilipomfikia mbele, panga lilikuwa kiunoni mwake. Nilimwuliza kwa nini asikate tu. Akasema hajawahi kukata tawi la njia maisha yake yote, na kwamba Mama alikuwa akimtania, ati akifunga njia mtu atadhani tembo kapita. Alicheka kidogo, kisha akaniona uso wangu, akaacha kucheka. Nilimwomba anishikie mtoto, nikaketi pale pale njiani.

Kwa hiyo Mama alijua. Alilitambua tawi la mumewe, akaonyesha la watu wengine. Mto haukuwa umejaa. Hakutaka kuzikwa na watu wema asiowajua, na Baba aliuona ukweli huo jioni ile ile, akakubali kulaumiwa yeye ili mkewe asisemwe kaburini.

Watu niliowaeleza habari hii huniambia nishukuru kwamba alikufa mikononi mwa aliyemzaa. Nimejaribu, na uzee huu wote, sijaweza. Hospitalini pengine angekufa vile vile, pengine asingekufa, hakuna wa kuniambia. Ninachojua ni kwamba alimtaka mama yake. Nami nilikuwa nimesimama pale na viatu vyake mkononi, namtaka wangu.