Michezo ya Baba pale Shituru

Niliporudi Likasi kwa matanga ya mama mdogo, mzee mmoja aliinuka kwenye kiti chake kibarazani, akaja kunishika mikono yote miwili. Machozi yakimlengalenga, akasema, "Mutoto ya mwalimu! Muliendaka wapi siku hizi zote?"

Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Nikamjibu kwamba tulikuwa Kasai. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba tulitoka kutembea tukapotea njia.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, mtu huyu alikuwa nani kwetu.

Nilikulia Shituru, mtaa wa Likasi huko Katanga, katika nyumba za kampuni ya shaba. Moshi wa kiwanda uliwasha koo, na shuka zilizoanikwa upande wa upepo zilitoboka kama zimeliwa na nondo. Mama, wa kabila la Wasanga wa hapo hapo, alisonga bukari, ugali wetu, tukala na matamba ya majani ya muhogo au dagaa wa kapenta. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alizaliwa Likasi. Wazazi wake ndio waliotoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi za shaba. Nkambo, mama yake, aliishi nasi. Alikaa karibu na babula lenye makaa mekundu, akikaanga karanga na kutuonya kwamba mtu anayecheka na chakula mdomoni atapaliwa.

Jumamosi zilikuwa za mchezo wa kuigiza. Baba alikuwa na kikundi cha watu wa kila kabila: Mluba wa Kasai na wa Katanga, Mbemba, Mrund, Mchokwe. Alitunga michezo kwa Kiswahili chetu cha mtaani, akawafundisha wachezaji kwa mdomo pale uani kwetu, kisha wakaicheza katika ukumbi wa wafanyakazi. Watu walijaa hadi madirishani. Na nyota wa kikundi alikuwa jirani. Alikuja kutoka kijijini, mbali upande wa reli ya Angola, akiwa tayari kijana mzima, na baba ndiye aliyemwombea kazi kiwandani. Alikula kwetu mara nyingi kuliko kwake.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulihusu chifu aliyefukuza wageni kijijini, mmoja mmoja, hadi akabaki peke yake bila mtu wa kumwamkia. Jirani ndiye aliyecheza chifu. Alitanua kifua, akanguruma, "Inchi ni ya benyewe!" Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Nkambo alijifuta machozi kwa pembe ya kitenge.

Kisha mambo yakaharibika. Mishahara ikachelewa, mashine zikanyamaza, na wakubwa wa siasa wakaanza kusema kwenye redio kwamba njaa yetu imeletwa na watu wa Kasai. Wakawaita bilulu, yaani wadudu.

Siku moja nilikuwa na mama sokoni, akichagua mizizi ya kikanda, tukamwona jirani amepanda juu ya kreti na megafoni mkononi. Alitanua kifua chake. "Inchi ni ya benyewe!" Wamama wauza mboga wakaangua kicheko, wakaacha mizani na kusogea karibu wauone mchezo. Mimi pia nilicheka. Lakini yeye aliendelea, akawataja bilulu, akataja mitaa yao, na mwisho akataja shule ya baba. Kicheko kikafa. Halafu mtu mmoja nyuma akapiga makofi, wengine wakamfuata. Mama alinivuta mkono, kikanda tukakiacha pale pale.

Baba hakuamini. "Ule ni ndugu yangu," alisema. "Anaogopa tu. Kwetu hapa hawatafika."

Walifika mchana, vijana wenye fimbo na mawe, na jirani mbele yao.

"Mwalimu, mutoke," alisema bila kumtazama baba usoni. "Minye sina na mubaya na weye. Njo vile wakubwa wamesema."

"Minye nilizaliwa hapa," baba akamjibu taratibu. "Weye ulifika na treni, minye nikakupokea. Mugeni ni nani?"

"Baba yako alitoka Kasai. Njo mambo." Kisha akamgeukia mama, sauti ikalainika. "Mama, weye ni wa hapa. Baki na batoto."

Mama alikuwa ameshika mwiko, bukari bado i motoni. Akamtazama mtu aliyekula chakula chake miaka yote ile. "Nibaki na nani?" akamwuliza. "Na weye?"

Tulitoka na godoro, sufuria na nguo za mwilini.

Tulikaa stesheni wiki nyingi tukingoja treni, maelfu ya watu chini ya mahema ya plastiki, katika mvua na harufu ya choo. Watoto wengi walikufa kwa kuhara. Nkambo naye akafa hapo, tukamzika Likasi kabla treni haijaja. Katika familia yetu yeye peke yake ndiye aliyezaliwa Kasai, na yeye peke yake ndiye aliyebaki.

Huko Kasai, watoto walicheka Kitshiluba chetu kibovu, wakatuita Wakatanga. Baba alipata shule, akafundisha hesabu. Vijana wa parokia walimwomba awatungie mchezo. Akakataa kwa upole. Walirudi tena, akakataa tena.

Ukumbi ule wa Shituru sasa umeezuliwa paa, na majani yameota palipokuwa jukwaa. Wachezaji wametawanyika, wengine wamekufa, na sijui kama kuna mtu anayekumbuka hata mstari mmoja. Hadi baba alipofariki, hakuwahi kumtaja jirani. Siku moja tu, nikiwa tayari msichana mkubwa, nilimwuliza kwa nini aliacha kutunga.

"Walipokuwa wanacheka," akasema, "nilifikiri wameelewa."