Kocha Asiyependa Waandishi

Kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hakuwapenda waandishi wa michezo. Masouda, aliyeandikia gazeti, alishamzoea: akiulizwa swali hufuta miwani kwa pindo la fulana, hujibu neno moja, akenda zake. Vita vilipozuka na ndege zikazuiwa kuruka, wachezaji wake waliotangulia mashindanoni wakakwama ugenini, na sasa yeye ndiye akawa anampigia Masouda simu kila baada ya sala: "Mwanangu, mshasikia chochote?" Siku ya nne Masouda alikwenda mbio hadi ukumbi wa mazoezi wa chuo, mjini Sib. "Wanarudi kwa nchi kavu; basi lao limeshavuka mpaka, kocha. Wote wazima." Kocha akaketi sakafuni palepale, akalia bila kujificha. "Alhamdulillahi. Kaa kitako, mwanangu, nikutajie majina yao mmoja mmoja, uyaandike vizuri."