Hamisi na seva ya sebuleni Landless

Asubuhi hii nimeshika simu nimtumie Hamisi ujumbe kumwambia kuhusu msiba wa Hamisi. Nilikuwa nimeshaandika "Niaje" ndipo nikakumbuka. Tumemzika jana alasiri hapo Thika, na mimi bado sijakubali.

Wengi wenu mlimjua kama yule mzee wa kutengeneza kompyuta mjini, mwenye kofia na kelele. Mimi nilimjua miaka ya tisini ikielekea kuisha, tukifanya kazi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Mimi nilikuwa data entry, yeye IT. IT yenyewe ilikuwa Hamisi na bisibisi yake.

Lunch hour alikuwa hali, anasoma manual. Ukimuuliza, anasema, "Wambui, kula kwa niaba yangu." Na nilikuwa nakula, sitadanganya.

Kisha nikapata nafasi ya kusoma ng'ambo. Mama alifurahi mbele za watu, halafu akaenda kulia jikoni. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Kwetu Ruiru hatukuwa na simu, na kupiga ng'ambo siku hizo kulikuwa kwa wenye nazo.

Hamisi akamwambia, "Mama, usijali. Nitamtafutia njia ya kuja kukuona kila Jumapili."

Mama akamjibu, "Hamisi, ndege si matatu ya Githurai."

Njia yenyewe ilikuwa tovuti. Kiwanda kilikuwa kinatupa kompyuta moja nzee, akaiomba, akaibeba hadi kwao Landless, mtaa wa hapo Thika, na kuigeuza seva, hapo sebuleni kando ya kabati la vyombo. Kifuniko cha pembeni aliacha wazi, feni ya mezani ikiipuliza. Modemu akaichomeka kwa laini ya simu ya babake.

Nilimuuliza kwa nini asiweke hiyo tovuti kwa zile kampuni za bure za ng'ambo, kama watu wote.

"Huko ukiingia, nani atajua umekuja?" akasema. "Hapa ukifungua ukurasa, mimi naona kwa log, ile orodha ya wanaoingia, saa hiyo hiyo. Mamako akiwa amekaa hapa, naye anaona."

Sasa test yetu ya kwanza. Kila akiunganisha intaneti, seva ilikuwa inapewa anwani mpya, namba tupu. Mimi nilikuwa kwa cyber huko Nairobi nikingoja anipigie anisomee hiyo namba. Akapiga, akanisomea polepole, vizuri kabisa. Haifunguki. Akapiga tena na namba nyingine. Haifunguki.

Mwenye cyber akaniuliza, "Kwani huyo jamaa ana laini ngapi kwao?"

Moja. Kila alipokata intaneti ili anipigie, alikuwa anaifunga seva yenyewe. IT wa kiwanda kizima! Nilimcheka hadi siku ya kupanda ndege. Baada ya hapo namba ikawa inakuja kwa email.

Jumapili ya kwanza huko niliingia computer lab nikiwa nimevaa makoti mawili. Email ilisema, "Tumefungua. Karibu." Nikafungua. Picha ya mama ikaanza kushuka mstari kwa mstari. Kitambaa, paji la uso, macho. Kabla ifike mdomoni nilikuwa nalia, na mzungu wa kando akaniuliza kama nimefeli exam.

Ya upande wa pili nilisimuliwa na Asha, dadake Hamisi. Mama alitoka Ruiru na nguo za kanisa, akaketi mbele ya mashine. Taa za modemu zikaanza kumetameta. Hamisi akasema, "Mama, mtoto ameingia."

Mama akarekebisha kitambaa. "Karibu, maitũ, mwanangu," akaziambia zile taa. "Unakula kweli?"

Asha akamimina chai, na kikombe kimoja kikawekwa changu.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Mama anasema, Hamisi anaandika kwa ukurasa bila kubadilisha neno. Ng'ombe amezaa. Paa la kanisa limeisha kujengwa. Usikae na watu wa kulewa.

Kisha baridi ikaja, chuo kikafunga, na lab pia. Sikuwa na pahali pengine pa kuingilia. Nilimwandikia Hamisi mapema amwambie mama asiningoje. Akajibu, "Sawa, usijali."

Jana baada ya mazishi Asha akanivuta kando. "Dada, unajua Hamisi hakumwambia mamako?"

Zile Jumapili zote za likizo alikuwa anamwomba rafiki yake wa Nairobi afungue ukurasa, ili taa zimete, mama aone mtoto ameingia na arudi Ruiru moyo umetulia. Miaka yote hii hajawahi kunitajia.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama. Siku hizi hasikii vizuri, ikabidi nirudie.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Huyo alikuwa anaingia, anaangalia kitu moja, anaenda. Wewe ukikuja kwangu huendangi haraka hivyo."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Kijana wa watu anahangaika nisikae bila mtoto, alafu mimi nimwaibishe?"

Kisha akalia. Hakuwa amelia huko makaburini, alingoja tufike nyumbani.

Hamisi, asante haitoshi na sina neno lingine. Zile Jumapili ambazo sikuweza kuja, mama alikuwa na mtoto hapo sebuleni. Ulikuwa wewe, umekaa kando yake.

Lala unono, kaka yangu.