Nyumba Iliyoacha Kuitikia

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayesoma hapa anivumilie. Nikianza na habari ya mbuzi naweza kumalizia kwenye ndoo ya maji, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini haya ya Pasaka nataka niyaseme yote, hata yale ya aibu, maana yamenikaa kifuani na sijui niyapeleke wapi.

Kanisa letu liko Buhongwa, pale juu nyuma ya mawe makubwa. Mawe yenyewe siku hizi yanapasuliwa kila siku kwa ajili ya kujengea, mpaka tunasali huku nyundo zinagonga. Sisi akina mama tuna kazi yetu ya Pasaka, tuliikuta kwa mama zetu. Siku yenyewe, alfajiri, tunavaa nguo nyeupe na vitambaa vyeupe kichwani, tunabeba ngoma moja, tunapita nyumba kwa nyumba kuwaamsha waumini. Ukifika mlangoni husemi hodi. Unagonga mara tatu, unaita, "Bwana amefufuka!" Na wa ndani, hata kama bado yuko kitandani, anaitikia, "Amefufuka kweli!" Hapo mlango unafunguliwa, anatoka, anaingia kwenye msafara. Nyumba isiyoitikia tunaiacha, tunaendelea. Tunafika kanisani tumekuwa wengi, miguu imelowa umande, na jua ndiyo linatoka.

Mwitaji nilikuwa mimi, miaka mingi. Sauti nilikuwa nayo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikiita Buhongwa, wa Kisesa wanaanza kutafuta viatu.

Kuna sheria nyingine, na hii ndiyo iliyoniponza. Wiki ya Pasaka sisi hatulii msiba. Mtu akifa wiki hiyo anazikwa kwa nguo nyeupe na nyimbo za ufufuo. Kulia kwa sauti, kujitupa chini, hapana. Mama zetu walituambia kulia wiki hiyo ni kumwambia Bwana kwamba alifufuka bure. Mimi niliishika sheria hiyo kama mtu anavyoshika kamba ya ng'ombe mkali.

Sasa nina binti, kitinda mimba wangu. Huyu alikuwa akikaanga samaki kule Kigongo, kwenye kivuko. Siku zile magari yalikuwa yanapanga foleni kusubiri kuvuka, watu wana njaa, sato wa moto anaisha kabla hujamgeuza upande wa pili. Siku hizi kuna daraja. Zuri kweli, nimepita juu yake mwenyewe nimeng'ang'ania kiti, nimefumba macho. Lakini aliye ndani ya gari linalokimbia hanunui samaki, kwa hiyo binti yangu anakaangia hapa hapa Buhongwa, kando ya barabara. Hiyo nimeitaja tu. Turudi.

Binti huyo alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano, mjukuu wangu. Mtoto huyu aliipenda Pasaka kupita Krismasi. Alikuwa analala na nguo yake nyeupe mwilini asije akachelewa. Nikigonga mlango wao, kabla mama yake hajageuka kitandani, yeye ndiye aliyeitikia, kwa sauti nyembamba kama filimbi. Mwaka mmoja magoti yalinisumbua tukachelewa kufika. Akafungua mlango, mikono kiunoni.

"Bibi, umechelewa! Mimi nimefufuka zamani!"

Tulicheka, mwenzangu anayepiga ngoma akakaa chini kwa kicheko.

Mtoto huyo alifariki Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka. Homa. Alhamisi alikuwa anacheza, Ijumaa amelala, Jumamosi hayupo. Tukamzika Jumatatu.

Kaburini mama yake alijitupa chini. Alianza kulia kile kilio cha tumboni, kile ambacho mtu hajichagulii. Na mimi, mama yake mzazi, nikamshika kwapani, nikamwinua.

"Nyamaza," nikamwambia. "Hii ni Pasaka. Watu wanatuangalia."

Hilo la watu ndilo lilikuwa la kweli kuliko yote. Nilikuwa mzee wa kanisa, nilikuwa mwitaji. Niliogopa watasema nyumbani kwa mwitaji hakuna imani. Basi nikasimama pale pale, udongo bado haujashindiliwa, nikaita kwa sauti yangu ile, "Bwana amefufuka!" Nikamkazia macho yeye. Akanitazama muda mrefu. Akaitikia, "Amefufuka kweli."

Hakulia tena. Akina mama wakanisifu, mama una imani ya chuma, wakanikalisha kivulini wakanipa soda baridi. Niliinywa nikaimaliza. Ile soda naikumbuka mpaka leo.

Baada ya pale binti yangu hakukanyaga kanisani. Kunisalimia ananisalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, samaki wa kula ananiletea. Ila Pasaka iliyofuata niligonga mlango wake mara tatu, nikaita, na ndani kimya. Nilimsikia akipumua. Nikaita tena, jambo ambalo halifanywi. Kimya. Tukaondoka.

Mwaka mzima sikuwa na neno lingine moyoni. Nilitaka aitikie. Nilijiambia akiitikia mara moja tu, basi nitajua sikumvunja. Nilifunga, niliomba, nilimwomba mchungaji amtembelee. Alienda, akarudi na samaki wawili ndani ya gazeti. Hakuna zaidi.

Pasaka ya mwaka huu tulipokaribia pale, mwenzangu wa ngoma akanivuta kanga.

"Mwenzangu, nyumba hii tuiruke."

"Siwezi kuiruka."

"Magoti yako yenyewe yanalia kuliko ngoma yangu. Unataka ukajiumize tena asubuhi yote hii?"

"Nisubirini barabarani," nikamwambia.

Nikaenda peke yangu. Beseni lake la samaki lilikuwa limefunikwa nje, paka amelala juu ya kifuniko. Nikagonga mara tatu. Nikaita, lakini sauti haikutoka ile ya zamani, ilitoka kama ya mtu anayeomba maji.

Akaongea akiwa ndani, karibu kabisa na mlango. Nadhani alikuwa amesimama pale tangu asikie ngoma.

"Mama, unataka niitikie?"

"Nataka, mwanangu. Nakuomba."

"Mimi nilitaka kulia kwanza. Ukanikataza."

Nikaweka kichwa kwenye mbao. "Lia, mama. Lia sasa. Nalia na wewe."

Kule barabarani walikuwa wameacha kuimba.

"Siwezi tena," akasema. "Nimejaribu, mama. Nakaa na nguo yake nyeupe, naivuta mpaka puani, machozi hayatoki. Siku ile yalikuwa yanakuja yenyewe. Uliyarudisha ndani, na huko ndani sijui yameenda wapi. Nenda kaamshe wengine, kunakucha."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeshukuru.

Nikarudi barabarani. Mwenzangu akaanza tena kupiga ngoma. Kwenye nyumba iliyofuata nikagonga mara tatu, nikafungua mdomo, hakuna. Akaita yeye. Akaita mpaka mwisho wa msafara.

Kanisani, kila Pasaka, tunarudia ahadi za ubatizo ili tuanze upya. Mchungaji anauliza, tunajibu kwa pamoja. Mnamkataa shetani? Tunamkataa. Mnaamini? Mimi nilisimama kati ya wenzangu, nguo nyeupe imepigwa pasi, na watu wote wakasema tunaamini, hata watoto. Nilisikia sauti zao zikinipita. Kama ndani yangu kulikuwa na mtu wa kujibu, hakusogea mlangoni. Hapo ndipo nilipomwelewa binti yangu, nikiwa mzee hivi na meno yamebaki machache.

Wiki ile ile nilimrudishia mchungaji kitambaa cha kichwani anachopewa mwitaji. Akasema nipumzike tu, mwakani nitakuwa na nguvu. Nikamwambia ndiyo, maana ni kijana mzuri na sikutaka kumchosha.

Siku hizi asubuhi nateremka kwa binti yangu namsaidia kutoa magamba kabla hajawasha moto. Tunakaa kwenye vigoda viwili, beseni katikati. Hatuongei habari ile. Mara nyingine namtazama macho yake kwa wizi, nione kama yamelowa, na kila nikitazama ni makavu. Juzi moshi wa kuni ulimwingia, akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja, moyo wangu ukaruka. Akaniambia, "Ni moshi tu, mama," akanisogezea samaki mwingine.