Trekta Lililozimwa kwa Adhana

Nina diploma ya mitambo mizito, na nalisema hili mwanzoni kwa sababu huko mbele msomaji atakuwa na haki ya kulitilia shaka. Niliipata Maskati kwa masomo ya jioni, miaka miwili mfululizo, huku mchana nikifanya kazi kwenye karakana ya magreda na makatapila. Nilikwenda huko na begi moja na viatu vya kuazima. Nikarudi Pemba baada ya miaka kumi na tatu na mabegi sita, diploma iliyowekewa kioo, na tabia ya kuanza kila sentensi kwa "sisi kule". Hakuna aliyenishika mkono. Nimejitengeneza mwenyewe, na kama kuna bolti zilizokaa legelege, fundi ni mimi.

Mpango wangu ulikuwa kuagiza matrekta yaliyotumika kutoka Ujapani na kuyauza kwa wakulima. Nilikodi fremu Gombani, si mbali na uwanja wa mpira, nikaandikisha bango kubwa lenye picha ya trekta, nikaweka meza, kiti kinachozunguka, na diploma ukutani. Kilichokosekana ni trekta. Watu walioita biashara yangu ya mitumba niliwasahihisha palepale: si mtumba, ni trekta lililotumika kidogo. Walikubali haraka, kama watu wanavyomkubalia mtu asiyenyamaza.

Muuzaji nilimpata kwenye simu. Sikuwahi kumwona uso. Aliniletea picha kumi na moja na video ya dakika tatu, trekta jekundu linazunguka uwanja wa saruji, limeng'aa kama sufuria ya arusi. Saa inayohesabu muda wa kazi wa injini ilionyesha muda mdogo sana, kana kwamba mwenyewe alikuwa akilitoa sikukuu mbili tu kwa mwaka. Niliitazama video ile mara nyingi kuliko picha za watoto wangu. Kisha nikatuma pesa zangu zote za Maskati.

Kabla trekta halijafika nilikwenda na video ile Wingwi, kwa shangazi yangu. Shangazi ana konde la mpunga bondeni, chini ya nyumba yake, na amelilima tangu alipoolewa. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Bonde lile lina kanuni yake, wala haikuandikwa popote: konde lisilopandwa msimu mmoja hupewa mwengine, na aliyepewa hanyang'anywi. Mwaka wa nyuma mwenzake mmoja alilazwa hospitali Chake Chake wakati wa kupanda, na aliporudi akakuta mpunga wa mtu mwengine umeshafika magotini. Kwa hiyo shangazi alikuwa ameshaweka zamu ya ng'ombe kwa ami. Ami ni mdogo wake wa kiume, ana jozi ya ng'ombe wa kulimia, na kila msimu watu humpangia foleni.

Nilimwambia shangazi aivunje zamu ile. Trekta langu la kwanza litaanzia kwake, bure, mbele ya watu, nao watakaoliona wataniagiza mengine. Nilitoa simu. Wanawake wa bondeni wakasogea, wakaitazama video, mmoja akauliza kama rangi ile inafutika. Shangazi aliniangalia mimi zaidi ya simu. Akasema kwa kuwa ni mimi, basi sawa.

Ami aliitazama video mara mbili. Nikidhani amepigwa na butwaa, nikamwuliza anaonaje.

"Aliyempiga picha huyu kamkuta kashasimama," alisema. "Wewe ulimuona akiinuka?"

Hapana budi nieleze. Wingwi hapana mtu anunuaye ng'ombe wa kazi bila kumchukua ami kwenda kumtazama, na yeye haendi mchana. Huenda alfajiri, ng'ombe angali amelala, akasimama kando mpaka mnyama ainuke mwenyewe. Ng'ombe mwenye nyonga mbovu, muuzaji humwinua mapema na kumtembeza mpaka viungo vipate moto. Akija mnunuzi saa nne, anamkuta anatembea kwa maringo. Ubovu huonekana anapoamka tu.

Nilicheka. Nikamwambia, mbele ya wote, "Ami, hii ni mashine. Mashine hailali."

Naye akanijibu kwa upole, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma." Zamu ya shangazi akawapa watu wa bonde jengine.

Hapa ndipo Maskati iliponiangusha. Kule sikuwahi kuona injini baridi. Chuma kinachokaa nje usiku kucha kinaamka na moto wa jana, na ukitia ufunguo kinaitika. Katika miaka kumi na tatu sikuwahi hata siku moja kujiuliza injini ile ingefanyaje pahala penye ubaridi wa asubuhi. Mwalimu wetu alifundisha, nina hakika, na nina hakika niliandika, kwa hati nzuri.

Trekta lilifika bandarini likiwa na udongo wa ugenini kwenye magurudumu. Wakaguzi, kwa haki kabisa, walisema udongo wa nchi nyengine hauingii kisiwani na magonjwa yake, lioshwe. Likaoshwa kwa mpira wa maji wenye nguvu. Udongo ukatoka, na baadhi ya wekundu ukatoka nao. Chini yake palikuwa na buluu, na chini ya buluu, karibu na taa, palikuwa na njano. Nilisimama nikitazama umri wa trekta langu unavyojitokeza, nikawaeleza waliokuwapo kwamba kule Ujapani hupaka rangi tatu ili chuma kisishike kutu.

Halikuwaka. Nikasema betri imechoka na safari. Lori likalivuta, likawaka, likatoa moshi wa buluu uliowafanya wachukuzi wahamie upande wa pili. Gombani nikafunga betri mpya, asubuhi halikuwaka tena. Vijana waliokuwa wakienda mazoezini uwanjani wakanisukumia, likawaka. Kesho yake wakanisukumia. Siku ya tatu kocha wao aliniuliza kwa adabu kama ningependa kuendelea, kwa sababu mapaja ya wachezaji yameanza kuimarika.

Wakati huo nilikuwa nimeshajua. Injini ilikuwa imechakaa ndani, pistoni na ringi zake zimelika, haina nguvu ya kuubana upepo mpaka ipate moto. Ikishapata moto, inakwenda. Yule bwana wa video aliiwasha kwanza, akaiacha ichemke, ndipo akashika simu. Alimwinua ng'ombe kabla sijafika. Hata saa ya muda wa kazi, nilipoifungua, nilikuta skrubu zake zina alama mpya za bisibisi. Yote haya nilipaswa kuyauliza kabla: nioneshwe injini ikiwashwa baridi, moshi wake wa kwanza, namba za injini, skrubu. Ni maswali ya mwaka wa kwanza wa diploma. Sikuuliza hata moja, kwa sababu mwenye kuuliza huonekana hajui.

Ringi zilipaswa kutoka ng'ambo, na mvua za masika hazikuwa zikizisubiri. Ningeweza kwenda Wingwi kusema ukweli. Badala yake nikatafuta mteremko.

Nyumba ya shangazi iko juu ya kilima. Nikaliegesha trekta pale, pua ikitazama bondeni, mawe mawili chini ya magurudumu. Nikawaambia watu ndivyo yanavyoegeshwa matrekta ya kisasa. Asubuhi nikaondoa mawe, likateremka kimya kama mwizi, nikatia gia, likakohoa, likawaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami, nakiri, nilipunga mkono.

Likaingia kondeni, likafanya kazi. Hilo nalo lazima liandikwe. Udongo uligeuka mweusi na laini nyuma yangu, shangazi akitembea kando akiwa amekunja kanga, akikanyaga mistari ile kwa kisigino kuijaribu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepunguziwa miaka. Mpaka mchana nilikuwa nimemaliza karibu theluthi. Ami alipita juu barabarani na ng'ombe wake, akasimama kidogo, akaendelea. Nilipiga honi.

Kisha muadhini akaadhini adhuhuri.

Msomaji wa kwetu ameshajua nilichokifanya. Kuanzia utoto, ikisikika adhana, redio huzimwa, cherehani husimama, kinu hunyamaza, na mwenye chombo cha kelele asiyekizima hutazamwa. Nilikuwa katikati ya bonde, penye tambarare kuliko pahala pote pa Wingwi, juu ya injini ambayo nisingepaswa kuizima kwa lolote. Mkono wangu ulizungusha ufunguo wenyewe. Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri sana, adhana ikapita juu ya bonde bila kizuizi, na mimi nikabaki nimekaa pale nikiitikia maneno ya muadhini kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuwa nao.

Bado palikuwa na matumaini. Injini ilikuwa na moto, ningerudi upesi. Nilisali haraka kuliko inavyofaa. Nilipotoka msikitini shangazi alikuwa ameniandalia wali na samaki wa nazi, na mtu aliyesifiwa asubuhi nzima hawezi kukataa chakula akisema ana haraka ya kuliwahi trekta lisipoe. Nilipolimeza tonge la mwisho, mvua ilianza. Mvua ya kwanza ya masika, ya baridi, ikiangukia moja kwa moja boneti la rangi tatu.

Nilijaribu mpaka betri ikalia na kunyamaza. Wanawake walisukuma. Magurudumu yakachimba, likakaa kwa tumbo katika konde la shangazi kama mgeni aliyevua viatu. Shangazi alikuwa anatazama mvua. Hapo ndipo ile video, lile bango na kile kiti kinachozunguka viliponitoka kabisa kichwani, nikaona kitu kimoja tu: theluthi moja imelimwa, katikati pana trekta, zamu ya ng'ombe nimeivunja mimi, na maji yakishajaa bondeni hapana atakayepanda.

Ami alikuja baada ya alasiri, ameshalima bonde jengine kutwa. Hakuitwa. Alifunga mnyororo, akawasemesha ng'ombe wake kwa sauti ndogo, na wale ng'ombe wawili wakalitoa trekta langu la Ujapani kwenye tope, hatua kwa hatua, mpaka juu. Mimi nilishika usukani, kwa kuwa mtu lazima awe na kazi. Nilimngoja aseme neno lake. Alipofungua mnyororo aliwapangusa ng'ombe matope, akaniambia zamu zake zote zimeshajaa na watu wamemtegemea, hawezi kuwaacha.

Nikamgeukia shangazi. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu juu ya ringi.

"Mwanangu," alisema, "hivyo jembe unajua bado upande wa kushikia?"

Tulianza kesho yake. Yeye alilima alipoweza, kisha mgongo ukamkataza, akakaa kwenye tuta akinielekeza. Nililima siku sita. Viganja vyangu, vilivyozoea spana, vilitoa malengelenge, yakapasuka, yakatoa mengine. Wanawake wa makonde ya jirani kila mmoja alikuwa na haraka na lake, lakini wakipita waliniuliza kama hili jembe nalo limetumika kidogo. Siku ya tano maji yalinifika vifundoni. Siku ya sita, jua linakaribia kuzama, shangazi alimwaga mbegu kwenye pembe ya mwisho. Mistari yangu ilikwenda upogo kiasi kwamba msimu ule, mpunga ulipoota, mtu aliye barabarani aliweza kuonyesha kwa kidole nilipochoka.

Konde lilibaki lake.

Ringi zilikuja baadaye. Nikaifungua injini mwenyewe, nikaifunga mwenyewe, na kwa hili sioni aibu kujisifu. Tangu hapo nimeleta matrekta mengine. Kila muuzaji wa ng'ambo namtaka aweke kiganja juu ya injini mbele ya kamera, aniruhusu nione haina moto, kisha aiwashe bila kuikata picha. Wengi hukata simu. Wanaobaki ndio ninaonunua kwao. Na mteja wangu yeyote namwambia aje Gombani baada ya sala ya alfajiri. Akija saa nne nampa chai, namwambia arudi kesho.

Msimu uliofuata nililipeleka trekta lile lile Wingwi. Nilililaza tambarare makusudi, mbele ya mlango wa shangazi. Alfajiri alitoka, akaja akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akanipa ishara ya kichwa. Nikazungusha ufunguo, likawaka mara ya kwanza, na nikamgeukia kwa ule uso wangu ambao watu wa Gombani wanaujua.

Tulipoteremka kondeni nilikuta pembe moja imeshalimwa kwa jembe, safi, mistari imenyooka.

"Hiyo ya kwangu," alisema. "Wewe anzia pale."